Gari Lilifika Sumbawanga, Timu Ikabaki Dar: Kisa cha Dereva wa Rali Aliyehamishwa

Kwa nini kisa hiki

Kwa misimu 4 nilikaa kiti cha kushoto katika gari la rafiki yangu, daftari la noti mapajani, nikimsomea kona zinazokuja; ndiyo kazi ya msoma ramani. Kisa hiki ni chake. Ameridhia nikiandike kwa sharti kwamba jina lake, idara yake na klabu yetu visitajwe, na mambo machache ya pembeni nimeyabadilisha asitambulike. Mji nimeuacha ulivyo, maana bila umbali na mwinuko wa Sumbawanga sehemu kubwa ya yaliyotokea haielezeki. Nitamwita Dereva.

Mwaka huu watu wawili wameniuliza swali moja: nimehamishwa, gari la mbio nilifanyeje? Mmoja anakwenda Mpanda, mwingine Kigoma. Jibu nililowapa kwenye simu lilikuwa fupi mno. Hili ndilo refu.

Usuli

Dereva ni mtumishi wa umma. Barua ya uhamisho ilipotoka alikuwa na miaka 33, mke, na mtoto wa miaka 2. Gari lake lilikuwa Subaru Impreza ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iliyojengwa kidogokidogo kwa miaka 6: mwaka huu keji (fremu ya vyuma inayowalinda waliomo gari likipinduka), mwaka ujao shokabu, mwaka unaofuata viti. Hakuwahi kushinda rali. Nafasi yetu ya juu kabisa ilikuwa ya 7, na siku hiyo tulilia wote wawili. Wengi katika mchezo huu tuko hivyo. Hatuna wafadhili, tuna mshahara na mapenzi.

Kilichomwezesha kushiriki ni watu. Palikuwa na fundi wa injini, fundi umeme, kijana wa tairi, mimi, na mzee mmoja wa Ilala aliyetuachia kona ya gereji yake nyakati za usiku. Hakuna aliyelipwa. Spea ukiikosa Kariakoo unaipata Ilala, na ukiikosa kote kuna mtu anayemjua mtu.

Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Unapita Morogoro na Mikumi, unapanda Kitonga, unaivuka Iringa, Makambako na Mbeya mpaka Tunduma, halafu unaiacha njia ya Zambia na kushika kaskazini magharibi. Ni mji wa mahindi na maharage. Juni na Julai baridi inauma, na mvua inaanza Novemba hadi Aprili. Lami kutoka Tunduma ni nzuri. Ukiiacha lami kuna moramu ya kila aina, na hiyo moramu ndiyo iliyotudanganya.

Uamuzi wa kwanza: gari liende

Barua ilitoka Januari. Siku ya tatu akanipigia simu, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye huzuni.

"Kaka, Safari ilizaliwa kwenye barabara kama zile."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Rali ya Safari ilipoanza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za vumbi na matope ambazo wakulima na malori walizitumia kila siku. Dereva alikuwa amekwisha kuangalia picha za barabara zinazoteremka kuelekea Ziwa Rukwa. Aliona mazoezi ya kila wiki, bure, bila foleni ya Dar. Nami nilimwunga mkono. Nilimwambia atarudi dereva bora kuliko sisi tuliobaki.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuliuza gari, na hiyo hakutaka hata kuisikia. Ya pili ni kuliacha Ilala chini ya uangalizi wa mzee. Hapo aliogopa jambo ambalo kila mwenye gari la mbio analijua: gari lisilo na mwenyewe huanza kunyofolewa. Leo mtu anaazima koili, kesho mwingine anaazima shokabu, na kila mmoja ana nia ya kurudisha. Njia ya tatu ni kwenda nalo, na ndiyo aliyoichagua. Akapata lori lililokuwa linapandisha saruji, akapatana na mwenye lori kwa bei ya kirafiki.

Bei ile ilikuwa nafuu kwa kwenda tu. Kurudi, hasa kuanzia Juni mavuno yanapoingia sokoni, kila lori linalotoka Rukwa lina mahindi ya kubeba, na mwenye lori hana haja na gari lako. Hesabu hiyo hatukuifanya.

Miezi 6 ya mwanzo

Gari lilionyesha ugeni wake wiki ya kwanza. Kwenye mwinuko ule mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu waziwazi. Yenye tabo hujitahidi kuficha upungufu, lakini tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kusukuma hewa kwa kiwango kilekile ilichopangiwa, na hewa hutoka ikiwa na joto zaidi. Gari letu lilikuwa limepangwa Dar, kwenye joto la pwani, na fundi ambaye sasa alikuwa kilomita 1,100 mbali.

Kisha rejeta. Kwenye mita 1,800 maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachotunza mgandamizo ili yasichemke mapema. Kifuniko chetu kilikuwa kimechoka siku nyingi, Dar kikatuvumilia, Sumbawanga kikakataa. Dereva alisumbuka wiki tatu akifikiri ni gasketi ya silinda hedi, mpaka fundi wetu akamwuliza kwenye simu: "Kifuniko umekibadilisha?" Kilikuwa kitu cha bei ndogo sana.

Kila Jumamosi alfajiri alitoka peke yake na kwenda nje ya mji, barabara za vijijini, akiamini saa 11 na nusu hakuna mtu. Huyu ni mtu wa mjini anayefikiri hivyo. Kijijini saa 11 na nusu watu wameshaamka zamani. Kuna mwenye baiskeli ya mkaa anayewahi soko, kuna ng'ombe, kuna mama mwenye ndoo.

Jumamosi ya nne au ya tano alitokea kwenye kona akakuta baiskeli ya mkaa katikati ya njia. Alifunga breki, gari likaserereka na kusimama ubavu, nusu kwenye mtaro. Mwenye baiskeli alianguka kwa mshtuko, mkaa ukamwagika, hakuumia. Dereva alimsaidia kukusanya mkaa gunia zima, mikono ikimtetemeka, na akamlipa uliovunjika. Saa moja baadaye mwenyekiti wa kijiji alikuwa amefika. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, hii ndiyo njia ya watoto kwenda shule. Wewe huna nyingine?"

Aliponisimulia nilikumbuka jambo ambalo nilipaswa kumwambia Januari. Safari ya zamani, mpaka mwaka 2002, ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu, na timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya dereva kuhusu ng'ombe na malori. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, ilirudi kwa hatua, yaani vipande vya mbio, zilizofungwa kwa watumiaji wengine, zenye wasimamizi wa njia na magari ya wagonjwa. Sisi tulichukua mahaba ya Safari ya zamani tukasahau helikopta.

Jambo lingine lililomtisha, na lilistahili kumtisha: bima ya kawaida ya gari haigusi mbio. Angemgonga mtu alfajiri ile, angebeba kila kitu mwenyewe, na kesi juu yake.

Iringa

Mwaka uleule tulikubaliana kukutana kwenye rali ya Iringa, ambayo kwake ilikuwa zaidi ya kilomita 600 na kwangu kama 500. Lori la kurudi lilimgharimu zaidi ya mara mbili ya lile la kwenda. Mimi nilipanda basi na daftari jipya. Fundi umeme hakupata ruhusa kazini, kijana wa tairi alikuwa amepata kazi Zanzibar.

Tulikataliwa kwenye ukaguzi wa magari, kabla ya kuwasha injini.

Mikanda ya usalama ya kiwango cha zamani cha FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, 8853/98, hudumu miaka 5. Mwaka wa mwisho umeandikwa kwenye lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wenyewe. Yetu ilikuwa imekwisha Desemba, wiki chache kabla ya barua ya uhamisho. Mtungi wa kuzimia moto nao ulipaswa kukaguliwa kila baada ya miaka 2, na tarehe ilikuwa imepita. Mkaguzi alikuwa mpole, hata alisikitika pamoja nasi, lakini hakuna mkaguzi mwenye akili anayepitisha mkanda uliokwisha muda, na nisingetaka apitishe.

Huko Dar tarehe hizo zilikaa kichwani mwa fundi umeme. Hatukuwahi kumpa kazi hiyo, aliibeba tu. Kila Novemba alipita na tochi akisoma lebo, akisema "hii inakufa, ile bado." Dereva hakujua kwamba kazi hiyo ipo. Mimi sikujua. Tulikaa kwenye uwanja wa mafundi siku mbili tukiangalia wengine wakitoka na kurudi wamejaa vumbi.

Aliporudi Sumbawanga aliliegesha gari nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na ghala la mahindi la mwenye nyumba, akaacha hata kulifunika. Kufikia Februari panya walikuwa wametafuna nyaya za injini kutoka mwanzo hadi mwisho.

Uamuzi wa pili: kuacha kukimbia

Shemeji ndiye aliyelisema. Aliniambia baadaye kwamba kwa miezi kadhaa aliishi na mtu aliyekuwa anaomboleza bila msiba. Akamwambia mumewe: ama ununue nyaya mpya leo, ama uuze leo, lakini usiendelee kulitazama dirishani kila asubuhi.

Aliliuza. Mnunuzi alitoka Mbeya, akalichukua bila nyaya, kwa bei ya hasara.

Fedha zile nilidhani zitaishia kwenye kiwanja. Kumbe alinunua Toyota Starlet ya zamani, mwili umechakaa, injini nzima. Sababu yake ilikuwa moja: kila fundi mjini anaijua Starlet. Mmoja wao alikuwa kijana fundi wa pikipiki, jirani yake, ambaye wakati ule ndiye mtu pekee Sumbawanga aliyewahi kumwuliza maswali ya maana kuhusu Subaru. Aliuliza shokabu zinafanya nini gari linapotua, si bei yake.

Walitafuta mahali. Nje ya mji kulikuwa na shimo la moramu lililoachwa na wajenzi wa barabara, pana kama uwanja wa mpira au zaidi, kingo zimesimama pande tatu. Lilikuwa kwenye ardhi ya kijiji, na kijiji chenyewe kilikuwa kile cha mwenyekiti wa mkaa.

Dereva alikwenda kwake kwa miguu. Aliomba radhi tena, mwaka mzima baadaye, na ndipo akaomba shimo. Mwenyekiti alilipeleka kwenye serikali ya kijiji. Masharti yakaandikwa kwenye muhtasari wa kikao: Jumapili mchana baada ya misa, si usiku, si msimu wa kulima ambapo watu hupitia pale, na mtoto asikaribie ukingo. Polisi walipelekewa nakala. Muuguzi mmoja anayemfahamu shemeji alikubali kuwa anakuja na sanduku la huduma ya kwanza.

Walijaza mchanga madumu ya lita 5, wakayapanga kama njia yenye kona, na kila mmoja akapita peke yake kwa gari lilelile, akihesabiwa muda kwa simu. Ukigusa dumu unaongezewa sekunde 5. Kasi ni ya gia ya kwanza na ya pili tu. Helmeti ni lazima. Hakuna zawadi wala kiingilio, na waliyaita mazoezi, kwa sababu mashindano ya magari nchini yana mamlaka yake, AAT (Chama cha Magari Tanzania), na hawakutaka kuazima jina wasilolistahili bado.

Matokeo

Leo ni msimu wa tatu wa shimo. Walianza watu 5, sasa wako 11, wanawake wawili. Mmoja wa hao wanawake ni mwalimu, na ndiye mwenye muda bora wa mwaka jana. Fundi wa pikipiki na mwenzake wamekwenda Iringa mara mbili kufanya kazi katika timu ya mafundi ya dereva mwingine, kwa nauli yao. Mara ya pili waliombwa warudi.

Dereva hajakimbia rali tangu siku ile ya mikanda. Alipoteza fedha nyingi, na gari alilolijenga kwa miaka 6 analiona kwenye picha za watu wengine likiwa na rangi nyingine. Nilimwuliza kama linamuuma. Alisema ndiyo, na hatukuendelea. Mimi nasoma noti kwenye gari la mtu mwingine sasa.

Uchambuzi

Wenzetu klabuni husema kosa lilikuwa kulipeleka gari. Sikubaliani nao kabisa. Gari lingebaki Ilala lingekuwa salama zaidi dhidi ya panya, lakini mikanda ingekwisha palepale, kwa kuwa timu ilianza kuvunjika siku Dereva alipoondoka. Yeye ndiye aliyekuwa sababu ya wale watu watano kukutana usiku. Kosa ninaloliona ni la mpangilio. Alihamisha mashine kwanza, akaacha watu wajitokeze wenyewe huko aendako, wakati mashine ile haikuwa na maana yoyote bila watu wanaoijua. Angekwenda mikono mitupu, akakaa miezi 6 akinywa chai kwenye gereji za mji, angemkuta fundi wa pikipiki mapema na angejua kwamba Sumbawanga ni mji wa Toyota.

Timu tulikuwa tukiihesabu kwa mikono, na kifuniko cha rejeta na lebo za mikanda vinaonyesha kwamba timu ilikuwa pia ndiyo kumbukumbu yetu. Ukihama, kumbukumbu hiyo haipandi lori. Kama ningeanza upya, wiki ya mwisho Dar ningemkalisha kila fundi na kumwomba aseme mambo yote anayoyafanya bila kuambiwa, nami niandike: lebo zenye tarehe na mahali zilipo, vipimo vya upangaji wa injini, vitu vinavyobadilishwa kabla havijafa. Hiyo ni kazi ya msoma ramani, na sikuifanya.

Mbio za alfajiri sizitafutii udhuru. Kuna hoja niliyoisikia mara nyingi kwamba mikoani barabara ni tupu. Mgeni huiona tupu kwa sababu hajui ratiba ya wenyewe. Kilichofanyika vizuri pale ni kwamba Dereva alibaki kwenye eneo la tukio, akaokota mkaa, akamngoja mwenyekiti, ilhali angeweza kuondoka. Mwaka mmoja baadaye, hilo ndilo lililokumbukwa kwenye kikao. Mjumbe mmoja alipinga ombi la shimo, na aliyemjibu alikuwa mwenye baiskeli.

Starlet nayo ilikuwa uamuzi mzuri kuliko tulivyodhani wakati ule. Gari ambalo watu wote 11 wanaliendesha lilelile linaondoa mjadala wa nani ana injini gani, na linapoharibika Jumapili linatengenezwa Jumatatu. Pia kasi ndogo kwenye madumu inafundisha vitu ambavyo barabara ndefu inavificha: mahali pa kutazama, uzito unavyohama, breki inavyoachiwa taratibu. Nilikwenda mwaka jana, nikajaribu, na mwalimu alinizidi kwa sekunde nyingi.

Lililobaki bila jibu ni watoto. Kila Jumapili wanakuja, wanakaa ukingoni, na kamba haiwazuii. Muuguzi ameshasema kwamba siku wakizidi idadi anayoweza kuiangalia ataondoka na sanduku lake, na yuko sahihi. Wanafikiria kuhamisha njia ya madumu upande wa ndani zaidi, ambako ukingo ni mrefu na hakuna pa kukaa.

Fununu za uhamisho mwingine zimeanza kwenye ofisi ya Dereva. Safari hii ameanza mapema. Daftari la kuandikia muda wa kila mmoja liko kwa fundi wa pikipiki, nakala ya muhtasari wa kikao iko kwa mwalimu, na kadi ya Starlet imeandikwa majina ya watu watatu. Shimo limejaa maji kwa sasa. Wanangoja Mei.